Sinema Mbili za Majaruba ya Shangazi

Kama hujawahi kumwona mwenyekiti wa kijiji amesimama katikati ya jaruba la mpunga na suti yake ya Kaunda iliyopigwa pasi, matope yamemfika vifundoni, anaiambia kamera kwamba yeye ni mkulima wa kawaida kama wenzake, hujakosa kitu. Mimi nilimwona, tena nilisaidia kumpiga picha. Siku hizi nikisikia vijana wanazisifu filamu zinazotetea wanyonge, natafuta kiti kilicho karibu na mlango.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, miaka ambayo mche wa sabuni ulikuwa habari ya kusimuliana. Nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima upande wa Samuye, mkoani Shinyanga. Nilikuwa msichana mwenye kelele nyingi, nimepita kozi fupi ya vielelezo Mwanza, na kwa sababu ya kozi ile nikaonekana mtaalamu wa kila kitu chenye waya. Kwa hiyo parokia ilipoletewa kijana wa Ulaya mwenye ndevu na kamera ya video, nikaitwa mimi nikamsaidie.

Kamera ile haikuwa hivi vitu vya mfukoni. Jicho lake ulilibeba begani, mashine ya kanda uliining'iniza ubavuni kama begi la askari, na betri ilikuwa nzito kuliko debe la mahindi. Kijana alishika jicho, mimi nikabeba mashine na betri. Yeye aliuita mgawanyo wa kazi. Shangazi yangu alipotuona tukipita mara ya kwanza aliniuliza kama padri amekosa punda.

Kijana hakuja kupiga picha za ubatizo. Alikuja na nadharia. Alisema migogoro yote ya jamii inatokana na watu kutosikilizana. Ukimpiga picha mnyonge akieleza lake, ukampiga na mkubwa akieleza lake, halafu ukawaonyesha wote wawili pamoja na umma, watajiona, wataona haya, na watapatana. Nilimwamini. Nilikuwa na umri wa kuamini mambo yanayosemwa taratibu na mtu aliyekaa chini mkekani.

Tulianzia kwenye dhahabu, upande wa Geita, mbele kidogo ya Katoro, ambako watu walikuwa wameanza kushuka ardhini na kamba na sururu bila kumwomba mtu ruhusa. Tulisikia kuna ugomvi kati ya wanaomiliki maduara, yaani yale mashimo, na wanaoshuka ndani. Kijana akafurahi sana. Ugomvi mtamu kama ule hakuwahi kuuona. Tulikaa pale tukirekodi, na kila tulipoelekeza jicho, mtu aligeuka. Hawakutukana wala hawakukimbia. Waligeuka tu, kwa adabu. Mmoja wao, mtu mzima aliyejaa vumbi mpaka kope, alinipa sababu.

"Dada yangu, sisi hatuna ubaya na wewe. Lakini hiyo mashine ikiniona leo, na mwingine ataniona kesho. Na huyo wa kesho simjui."

Tukarudi Shinyanga na kanda nzima ya migongo. Kijana alisema wachimbaji wale hawajaamka. Nami nikatikisa kichwa kukubali, mjinga mimi, kwamba kweli hawajaamka.

Hapo ndipo nikamtaja shangazi.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa mjane mwenye majaruba matatu kwenye mbuga ya kijiji chetu, lile bonde la udongo mweusi linalotuama maji. Aliyachimba yeye na marehemu mumewe, tangu kabla watu hawajasombwa kuletwa kijijini enzi za ujamaa. Kingo zote, njia zote za maji, ni mikono yao. Mume alipokufa, halmashauri ya kijiji ikaketi, ikaona kwamba majaruba yale ni mazuri mno kuwa ya mtu mmoja, ikayaita shamba la mfano la kijiji. Mpunga wa kijiji ukawa unavunwa, na kijiji hakikuonja hata uji wake. Shangazi, aliyekuwa akila wali anapotaka, sasa alikula viazi vikavu tu, michembe asubuhi na matobolwa jioni, na wageni wakija aliona haya kuwakaribisha. Alichotaka ni majaruba yake, basi. Na Katibu Tarafa, ambaye ndiye aliyeweza kumwambia mwenyekiti rudisha, alikuwa amepelekewa malalamiko hayo mara nyingi na kila mara alisema atakuja kujionea.

Niliona nadharia ya kijana na shida ya shangazi zinafaana. Tungempiga picha shangazi, tungempiga picha mwenyekiti, tungemwalika Katibu Tarafa, angeona. Sikulala kwa furaha.

Kanda ya shangazi tuliipiga mbele ya nyumba yake. Kijana aliagiza akae kwenye kigoda na jicho lisiondoke usoni pake hata kidogo. Alisema uso ndio hadithi. Shangazi akakaa, mgongo umenyooka kama yuko kwa daktari, akaeleza kwa Kisukuma tangu siku ya kwanza ya jembe la kwanza. Alieleza kila ukingo ulivyopigwa. Alieleza mafuriko, alieleza ng'ombe aliyezama, alieleza ugonjwa wa mumewe. Hakulia, hakupandisha sauti, hakuinua mkono. Kijana alilia yeye, na neno la Kisukuma hakujua hata moja zaidi ya wabeja, yaani asante. Nilipotazama ile kanda baadaye nilisema ndiyo kazi bora niliyowahi kuifanya. Kuku mmoja alipita nyuma katikati ya maelezo, na namshukuru hadi leo, maana bila yeye usingejua kama picha inatembea.

Mwenyekiti alikuwa mtu mwingine kabisa. Hakungoja kubembelezwa. Alisema yeye hakai kwenye kigoda kama mgonjwa. Yeye apigwe shambani, wakati wa mavuno, akiwa na nguvu kazi. Siku ya siku tukamkuta na suti yake, na mbugani kumejaa watu wanakata mpunga kwa furaha isiyo ya kawaida. Sasa, kijiji kilikuwa kimekwisha kuchoka na shamba lile la mfano. Mbiu ikipigwa, watu waliumwa. Lakini mwenyekiti alitaka picha ijae, na mtu akitaka watu wa haraka anaita wa nyumbani. Kwa hiyo walikuwepo wake zake wote watatu, shemeji zake, wakwe wa binti yake mkubwa, na mfanyakazi wake wa ng'ombe. Mifuko ya mpunga ilipangwa juu ya mkokoteni wake, unaovutwa na maksai wake.

"Piga wote," alituamuru. "Mmoja mmoja, sura ionekane vizuri. Na mkokoteni. Na maksai. Watu waone kazi."

Tukapiga mmoja mmoja. Mke mdogo aliomba kwanza abadilishe kitenge. Mwishoni mwenyekiti akamwita mcheza nyoka mashuhuri wa eneo lile, akaja na chatu wake, akamvisha shingoni na kucheza naye juu ya kingo za shangazi. Nilimuuliza kijana chatu anahusiana vipi na ugomvi wa ardhi. Akasema huo ni mtazamo wa mhusika na tuuheshimu.

Mipango ilikuwa tuziunganishe kanda zote mbili ziwe moja, shangazi aseme, mwenyekiti ajibu. Mashine ya kuunganisha, kumbe, iko Ulaya. Tukabaki na kanda mbili, na kijijini likazuka swali moja tu: ipi itatangulia?

Hapa ndipo nadharia ilipovunjika mguu. Kwetu mavuno yakiisha watu hucheza ngoma, na ngoma za Wasukuma zina pande mbili za kale, Wagika na Wagalu. Ukoo wa shangazi ni Wagalu tangu mababu. Mwenyekiti ni Mgika wa kuapa. Na pande hizi hazichezi kwa zamu, mmoja acheze mwingine angoje kama foleni ya sukari. Zinacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, kila upande unawavuta watu kwa nyimbo na vituko na dawa ya mvuto, na watazamaji wanahama huku na huku mpaka upande mmoja unabaki na watu wengi. Huo umeshinda. Hakuna mwamuzi, miguu ya watu ndiyo inayoamua.

Wazee wa pande zote mbili wakaja kwa kijana, kwa heshima kabisa, wakamwambia sinema za zamu ni dhuluma. Zionyeshwe pamoja. Mwenyekiti alikuwa ameshamaliza kila kitu: amekwenda mjini kwa mfanyabiashara rafiki yake, amerudi na televisheni ya pili na mashine yake, maana parokia ilikuwa na moja tu, imefungwa kwa godoro juu ya gari la pamba. Nilipiga kelele kwamba hii si ngoma, hii ni haki ya mtu. Mzee mmoja akanitazama kwa huruma.

"Ng'wanawane, mwanangu, na wewe shangazi yako unaona atashindwa?"

Kijana wa Ulaya, nilitegemea atakataa. Macho yakamng'aa. Akasema umma umeichukua filamu mikononi mwake.

Mahali palikuwa ghala la pamba, maana ndilo peke yake lenye giza mchana. Televisheni ya shangazi upande wa mashariki, ya mwenyekiti upande wa magharibi, jenereta ya parokia nje inakohoa. Shemeji wa shangazi alileta mganga, akachovya mkia wa mnyama kwenye maji ya unga na kuinyunyizia televisheni mpaka kwenye matundu ya nyuma. Kijana aliruka kama aliyekanyaga makaa. Mwenyekiti, ambaye kila mkutano alihutubia kwamba ushirikina ni adui wa maendeleo, hakuleta mganga. Alileta fundi wa televisheni. Fundi huyo hakuwa na bisibisi. Alikuwa na kibuyu.

Katibu Tarafa akafika kweli, na ni mara ya kwanza nilimwona akifika mahali. Alipewa kiti. Akasalimiwa shikamoo na ghala zima akaitika marahaba zote, na kazi hiyo ilimchosha.

Tukawasha. Kwa muda mfupi watu waligawanyika nusu kwa nusu, na moyo wangu ukapanda. Pale mashariki uso wa shangazi uliijaza televisheni, anaeleza jembe la kwanza. Halafu huku magharibi mtu akapiga ukelele: anakuja na mkokoteni! Nikaona migongo. Migongo ile ile ya Katoro, nikasema moyoni, ila hii inakimbilia picha. Upande wetu ukamwagika kama maji kwenye gunia. Walibaki kijana wa Ulaya, mimi, mganga aliyekuwa anafungasha vitu vyake, na Katibu Tarafa, ambaye kwa cheo chake hakuweza kusukumana na watu, kwa hiyo kiti chake kiliwekwa kwetu kwenye nafasi.

Nikajipa moyo. Nikasema, basi, mtu mmoja tunayemhitaji yuko hapa, anamtazama shangazi usoni. Nikasogea kumwona vizuri. Alikuwa amelala, mdomo wazi, kofia imeshuka kwenye nyusi. Mwanamke alikuwa anaeleza kifo cha mumewe mbele yake na yeye anakoroma kwa kituo, kama anamwitikia. Nilitaka kumpiga teke la muundi. Mpaka leo nasikitika kwamba sikumpiga.

Nikageuka kumtafuta shangazi nimwombe radhi. Hakuwa kwenye kigoda nilichomwekea. Nikatazama kule magharibi, nikamwona: yuko mstari wa mbele kabisa, amepiga magoti karibu na televisheni ya adui yake, anacheka na machozi yanamtoka.

Nilikasirika, sitaficha. Nimebeba betri ile kwa ajili yake, na yeye ameikimbia sinema yake mwenyewe akatazame chatu! Nikapenya watu kwenda kumtoa. Nilipofika karibu nikasikia anachofanya. Alikuwa anawasalimia watu wa kwenye televisheni.

"Mwangaluka, mke mkubwa! Unavunia nani hapo, mama?"

Na ghala likaitika: "Kijiji!"

"Na wewe mke wa pili, mwangaluka! Unavunia nani?"

"Kijiji!"

"Eee, na mke mdogo, kitenge hicho cha shambani au cha harusi? Unavunia nani?"

"Kijiji!"

Wakaja shemeji, akawasalimia mmoja mmoja kwa majina ya watoto wao. Wakaja wakwe. Ukaja mkokoteni, akausalimia na mkokoteni, akawasalimia na maksai, na kila mara ghala liliitika kijiji, kijiji, kwa mdundo ule ule wa ngoma, watu wanapiga makofi na kina mama wanapiga vigelegele. Kanda ilipoisha walidai irudishwe mwanzo. Walioikosa mara ya kwanza walibebwa juu ya mabega waone. Hata chatu alipotokea, shangazi alimuuliza anavunia nani.

Mwenyekiti alisimama kando ya televisheni yake, jasho linamtiririka, amefurahi kuliko siku aliyochaguliwa. Aliona watu. Alihesabu upande wake umejaa na wa shangazi ni mtupu, na Mgika yeyote angejua maana yake. Wenzake wakamnyanyua juu na suti yake wakamzungusha ghala zima. Kelele ile ndiyo iliyomwamsha Katibu Tarafa. Akasimama, akarekebisha kofia, akatangaza kwamba ameridhishwa na mwamko wa wananchi na amejionea mwenyewe jinsi wanavyomuunga mkono kiongozi wao. Akaingia kwenye gari akaondoka. Majaruba hayakutajwa.

Jioni ile nilimfuata shangazi nyumbani na kumwaga yote yaliyonijaa. Nilimwambia ameniaibisha, amejiaibisha, ameshindwa mchana kweupe kwa hiari yake. Alikuwa anamenya karanga, haachi kutabasamu.

"Ile yangu mimi naijua," alisema. "Niliyasema mwenyewe. Nikae nijitazame nikisema?"

Nilirudi kwangu nimenuna, na kijana wa Ulaya akafunga virago vyake muda si mrefu. Nilisikia baadaye kwamba kule kwao alionyesha picha alizopiga siku ile ghalani, umma ukicheza mbele ya televisheni, na watu wakampigia makofi wakiwa wamesimama. Sijui kama walielezwa kilichokuwa kinachekwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuniuliza.

Mvua za kupandia zilipokuja, mbiu ya shamba la mfano ikapigwa. Hakuja mtu. Ikapigwa tena, mwenyekiti akapita nyumba kwa nyumba, na kila mlango alijibiwa kwa upole mkubwa: mwenyekiti, sisi tulikuona kwenye sinema, watu unao wa kutosha, tena wanajua kazi. Akarudi kwa hao watu wake. Wake zake wakagoma. Walikuwa hawawezi kwenda kisimani bila kuulizwa wanamchotea nani. Mke mdogo alikuwa amekichoma kile kitenge, wanasema, ingawa mimi nadhani alikigawa tu.

Majaruba yakakaa, maji yanatuama bure. Asubuhi moja shangazi akachukua jembe lake akaingia, akaanza kurekebisha kingo. Hakumwomba mtu. Mwenyekiti akakimbilia tarafani kushitaki. Na Katibu Tarafa, ambaye asingekubali hata kwa kuchapwa viboko kwamba alilala mbele ya wananchi, alisema maelezo ya yule mama aliyasikiliza mwanzo mpaka mwisho, yeye peke yake, wakati wengine wakishangilia nyoka, na kwamba yalikuwa na uzito. Basi shangazi akabaki mbugani. Si kote. Jaruba la chini, lile lenye maji ya uhakika, shemeji wa mwenyekiti alikuwa ameshalipanda, na halijarudi mpaka leo. Mwenyekiti naye kanda yake aliitunza kabatini, na kila akipata mgeni mwenye mashine aliitoa aitazame, akimweleza jinsi alivyoshinda. Hakuwahi kuelewa.

Kamera ilikuwa imebaki parokiani. Msimu wa kuvuna nikaiomba. Nilitaka kumpiga shangazi anavuna mpunga wake. Nikasema sasa nitaimaliza filamu inavyostahili, na mwisho wake mzuri. Nilitembea nayo mpaka mbugani, jicho begani, mashine ubavuni, betri mkononi, vyote peke yangu. Nikamkuta ameinama na mundu, na kando yake wanawake wengine, vitambaa vimefunika vichwa, wanakata bila kusema. Nikaliinua jicho. Wanawake wote wakageuka, wakanipa migongo, kwa adabu kabisa.

Shangazi peke yake ndiye aliyenitazama. Nikawatazama vizuri wale wenzake, nikaanza kuwatambua kwa miguu na mabega. Aliyekuwa karibu naye alikuwa mke mkubwa wa mwenyekiti. Aliyefuata alikuwa mke wa pili. Walikuja kuvuna kwa fungu lao la mpunga, kwa siri, maana kwa bwana wao mwaka ule hakukuwa na kitu cha kuvuna.

"Weka chini hilo dude, ng'wanawane," shangazi akasema taratibu. "Hawa wana watoto wa kulisha."

Nikaliweka ukingoni, likitazama nje. Akanipa mundu.